Shahidi wa Baba

Mlio wenyewe ulikuwa mdogo: mkavu, mfupi, kama kibuyu kitupu kinapotuliwa juu ya meza ya mbao. Mtunza maabara alikuwa ametoa fuvu la kwanza kati ya yale niliyopaswa kuyapima kwa ajili ya tasnifu yangu, akaliweka mbele yangu bila haraka. Nami, mwanafunzi wa uzamili ambaye kwa miaka kadhaa nimeshika mifupa kama mpishi ashikavyo viazi, nilirudi nyuma hatua mbili. Nilikuwa nimeusikia mlio ule mara moja tu maishani mwangu, nikiwa na umri wa miaka tisa, kwetu kilimani Sagalla, na uliniogofya kabla sijajua sababu. Mtaniwia radhi nikienda polepole. Nimechoka, na jambo hili sijawahi kulisimulia kwa mpangilio.

Katika miaka hiyo ya hamsini baba alikuwa mwalimu wa kanisa. Alifundisha katekisimu, alisoma somo la Jumapili, na akisema jambo hakulirudia. Kaka yake, Baba Mkubwa, alifanya kazi stesheni ya Voi na hakuwa mtu wa kanisa. Kila Jumamosi alipanda kilima akiwa na sukari na mafuta ya taa, nguo zake zikinuka moshi wa treni, akaketi na mdogo wake wakabishana hadi mama alipotenga chakula. Ubishi wao ulihusu pango.

Nyuma ya mashamba yetu, chini ya mwamba, wazee wa ukoo walikuwa wamepangwa safu. Kwa desturi ya zamani, mtu mzima akishakaa kaburini muda wa kutosha, kaburi lilifunuliwa na kichwa chake kikapelekwa pale kwa heshima, kikawekwa karibu na waliomtangulia. Mvua ilipokawia, wazee waliobaki walikwenda kutasa: walipuliza pombe ya miwa kwa vinywa vyao na kuwasemesha waliolala pale, kila mmoja kwa jina lake. Wa mwisho safuni alikuwa babu aliyewalea baba na Baba Mkubwa baada ya wazazi wao kufariki. Alitambulika kwa kibonyeo juu ya jicho la kushoto, mahali alipopigwa pembe na beberu utotoni.

“Mifupa haileti mvua,” baba alikuwa akisema.

“Na wewe unayeomba kila Jumapili,” Baba Mkubwa alijibu, “pipa lako limejaa?”

Mama alicheka kwa siri. Mimi nilimhesabia kila mmoja hoja zake kwa punje za mahindi, na kwa kuwa nilimpenda baba, punje zake zilikuwa nyingi daima.

Kisha akaja mgeni. Alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyekundu, aliyepiga hema karibu na uwanja wa shule akiwa na masanduku, vyombo vya kupimia, na mpishi Mkamba aliyekuwa pia mkalimani wake. Habari zilienea kabla chai yake haijachemka: bwana huyu alisema kwamba hapo kale, kale isiyohesabika, mababu wa wanadamu wote walikuwa wanyama.

“Labda babu yako,” tuliambiana njiani kutoka shule. “Ndiyo maana hupanda mipera haraka hivyo.”

Baba hakucheka. Jumapili hiyo alihubiri juu ya udongo na pumzi, kisha, ili asionekane kupendelea upande wowote, akawageukia wazee wa pango na kusema kwamba mtu wa Mungu hana haja na mafuvu; heri yangezikwa yote yakasahauliwa. Ibada ilipokwisha alimkuta mgeni nje.

“Mwambie bwana wako,” alimwambia mkalimani, “Mungu alimfinyanga mtu. Hakumwokota mtini.”

Mgeni alisikiliza, akatabasamu kwa adabu, akajibu maneno machache.

“Bwana anasema, Mwalimu, yeye habishani. Mifupa haisemi uongo. Angepata fuvu la mzee wa hapa, lingeonyesha lenyewe.”

Baba alimgeuzia mgongo. Mimi nilibaki pale nikiwaza, na kuwaza ndio ugonjwa wangu hadi leo. Nilipanga hoja zangu hivi: baba hasemi uongo. Mifupa nayo haisemi uongo. Kwa hiyo mifupa na baba lazima waseme jambo moja. Kilichokosekana ni shahidi tu, na shahidi mzuri kuliko babu aliyemlea baba mwenyewe ningempata wapi?

Jumatatu alasiri, badala ya kwenda kuchota maji, nilikwenda pangoni. Nilimfunika babu kwa majani ya viazi ndani ya kikapu, nikampeleka hemani. Mgeni alimpokea kwa mikono miwili, akamweka juu ya meza. Hapo ndipo niliposikia ule mlio. Nilitaka nimkumbatie nikimbie. Sikukimbia. Nilisimama kumsubiri babu atushindie ubishi, huku koleo la chuma la kupimia likifunguka na kufungwa juu ya paji la uso wake na tarakimu zikiandikwa.

“Amesema nini?” niliuliza hatimaye.

“Nani?” mkalimani akauliza.

“Babu.”

Mkalimani hakucheka. “Nenda nyumbani, mtoto. Majibu huchukua muda.”

Asubuhi iliyofuata hema halikuwapo. Babu naye hakuwapo.

Jumamosi Baba Mkubwa alipanda kilima kama kawaida, akapitia pangoni, akafika kwetu bila kuketi.

“Umemzika wapi?”

“Nani?” baba akauliza.

“Usinifanye mjinga. Jumapili ulisema wazikwe wasahauliwe. Ukaanza na wetu.”

“Mimi sikumgusa, kaka.”

“Kanisa zima lilikusikia.”

Nilikuwa nyuma ya mlango na punje zangu mkononi. Hakuna aliyemfikiria mgeni, maana hakulijua pango, na hakuna aliyejua kwamba kuna aliyempelekea fuvu. Nilijua mimi peke yangu. Sentensi moja ingetosha, nami nilikuwa nayo kinywani, nikaimeza. Baba Mkubwa aliweka sukari kizingitini, akateremka. Hakupanda tena. Nyanya, mjane wa babu yule, alipozikwa, ndugu hao wawili walisimama pande mbili za kaburi kama watu waliokutana safarini.

Leo ninakubali alichosema mgeni kuhusu asili ya mwanadamu, ushahidi wake nimeupima kwa mikono yangu, na baba anajua tu kwamba nasoma “mambo ya viumbe.” Si hilo linalonichosha. Linalonichosha ni hili nililochelewa kulielewa: nyumbani kwetu hapakuwa na uhaba wa ushahidi. Watu wazima wote waliamini jambo, na kila mmoja aliadhibiwa kwa imani yake. Baba alihukumiwa kwa mahubiri yake mwenyewe, ilhali mtoto aliyetaka kuyatetea alikaa na ukweli miaka ishirini, akiuita woga wake heshima.

Fuvu lile la kwanza lililowekwa mbele yangu maabarani halikuwa babu. Lilikuwa na paji laini. La kumi na moja ndilo lilikuwa na kibonyeo juu ya jicho la kushoto, na lebo iliyoandikwa: Sagalla, mwanamume, mzee.

Nilishika simu mara mbili nikairudisha. Mara ya tatu nikaomba stesheni ya Voi, na baada ya kelele za waya Baba Mkubwa akaitika. Nilimweleza yote, tangu kikapu hadi lebo, kwa sauti ile ninayotumia kusomea ripoti.

“Kwa hiyo hakumzika,” alisema.

“Hakumgusa, Baba Mkubwa. Ni mimi.”

“Baba yako unamwambia lini?”

“Nikikata hapa.”

“Usimwambie kwa simu. Nitapanda mwenyewe.” Nyuma yake injini ilipiga king'ora, naye akangoja kitulie. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeulizia njia ya nyumba asiyoijua, iwapo mdogo wake bado huamka mapema.