Shule Mbili na Fagio la Bibi

Januari ile naikumbuka kama ndoto ya alfajiri: ukungu umelala juu ya migomba, jogoo wa jirani anawika kwa mbali, na mimi nimesimama uani nikimfunga binti yangu vifungo vya sweta. Yeye kimya. Tangu tumzike mama yangu mgombani kwake, bibi yake aliyemlea huko juu Kibosho, mtoto alikuwa hajamjibu mtu wa nje hata neno moja. Nyumbani alininong'oneza tu, maji, au usingizi, basi. Na sasa alitakiwa kuanza darasa la kwanza. Niliogopa, jamani. Niliogopa watasema hana akili.

Mtaa wetu, nje kidogo ya mji wa Moshi, una shule mbili za msingi za serikali. Ya chini iko kando ya lami. Ya juu iko mwisho wa barabara ya vumbi, na nyuma yake unapita mfongo, ule mfereji unaoshusha maji kutoka mlimani. Akina mama wa mtaa walizibishania shule hizo kutwa, huku wanachambua mboga. Ya chini inafaulisha, na vyoo vyake ni vipya. Ya juu walimu ni wapole, ila watoto wanarudi na vumbi mpaka kwenye kope. Mimi nilishaamua moyoni: ya chini. Ni mtu wa kuamua haraka na kukasirika haraka, na vyote viwili nimerithi kwa mama.

Kule chini tulipokelewa vizuri, nisiwasingizie. Ghorofa jipya, rangi bado inanukia, maua yamepangwa kwenye mistari, mlinzi anafagia na watoto wametulia madarasani. Mwalimu akamwinamia binti yangu. "Unaitwa nani, mwanangu?" Kimya. "Na hii ni rangi gani?" Kimya. Macho yake yalikuwa kwenye ukuta wa ghorofa, yanapanda, yanashuka, kama anatafuta mlango. Mwalimu akanigeukia kwa upole: "Mama, huyu bado. Mrudishe chekechea kwanza, ataiva."

Ataiva! Kwani ni ndizi? Nilitoka pale nimenuna, machozi yananichoma, nimemshika mtoto mkono kwa nguvu mno.

Kesho yake, shingo upande, tukapanda shule ya juu. Nilikuwa nimemvalisha viatu vya kanisani, na tulipofika getini nikamwonya asishike kitu, atachafuka. Ukungu ulikuwa mzito bado. Tulisikia kabla hatujaona: chwa, chwa, chwa, sauti laini inatoka kila upande, kama mvua inayonyesha chini bila kulowesha. Kumbe ni watoto wanafagia uwanja. Ndio mazoea ya pale, kila mmoja anakuja na fagio lake la vijiti kutoka nyumbani, wanafagia kabla ya kengele kulia. Wanaibuka kwenye ukungu, wanapotea, wanaibuka tena.

Mwalimu mkuu, mama mtu mzima aliyejifunga kanga kiunoni, akanijia. Nikampa shikamoo, akaitikia. Tukaanza kuongea, mimi huku nakagua: dirisha halina kioo, ukuta umebanduka. Kugeuka, mtoto hayupo pembeni yangu.

Yuko katikati ya uwanja. Ukungu ulikuwa unafunguka taratibu, na mlima ukatoka mzima, mweupe, karibu mno, kama umesogea usiku kuja kutuangalia. Binti yangu amemnyang'anya fagio msichana mmoja mkubwa kuliko yeye.

"Siyo hivyo!" anamwambia. Kwa sauti kubwa, ya hasira, sauti ya mama yangu kabisa. "Usiupe mlima mgongo! Geuka. Fagia unauangalia."

Weee! Hivyo ndivyo mama alivyofagia uani kwake kila asubuhi, uso mlimani, akirudi nyuma hatua kwa hatua. Nami nilipokuwa mdogo alinichapa kwa fagio lilelile nilipojisahau. Alisema mkubwa haamkiwi kwa kisogo.

Mwalimu mkuu akamwendea. Hakuuliza jina, wala rangi. "Nani kakufundisha kufagia vizuri hivi?"

"Bibi."

"Bibi yuko wapi?"

Sisi nyumbani tulikuwa hatumtaji kabisa mbele yake, tukidhani tunamsaidia. Nilitaka kukimbia nikamzibe mwalimu mdomo.

"Amelala mgombani," mtoto akajibu, akanyoosha fagio juu, upande wa Kibosho. "Kule."

Nikafika, nikachuchumaa mbele yake. Sikujua nianzie wapi, nikauliza nilichoweza. "Unataka usome hapa?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Hapa bibi ananiona. Kule chini ghorofa limeziba."

Basi nikakaa palepale chini na sketi yangu ya kazini, nikalia kwa sauti, kilio nilichokibana tangu msiba, mbele ya shule nzima. Chwa chwa ikanyamaza uwanja mzima. Mwalimu mkuu akasimama nyuma yangu, mkono begani mwangu.

Mtoto akanisubiri kidogo. Kisha akaniambia, "Mama, inuka. Hapo bado sijafagia."