Kiti cha Kuzunguka cha Wifi

Wifi yangu alirudi kutoka Ulaya na visigino virefu na maneno mengi. Kila alipopiga simu kutoka huko alituambia yeye ni karani wa ofisi kubwa, anakalia kiti cha kuzunguka. Mama mkwe, aliyelala kitandani tangu apooze, aliwasimulia majirani habari za kile kiti mpaka wakakichoka.

Asubuhi ya kwanza mama alijichafua. Nikaenda kumwita mume wangu, maana siku zote tunambeba wawili kama gunia. Tuliporudi, wifi alikuwa amekwisha kumlaza ubavu peke yake, amekunja shuka chafu hadi katikati, ametandika safi nyuma yake, anamgeuza taratibu upande wa pili. Tena alikuwa akimbembeleza kwa kizungu, bila kujijua.

"Wifi," nikasema, "kumbe ofisi yenu ina vitanda?"

Mume wangu akanikata jicho. Wifi akaitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

"Nawaosha wazee," akasema, uso chini. "Miaka yote ni hiyo kazi. Niliona haya kuwaambia."

Nilitamani niumeze ulimi wangu.

"Yaani mama za watu wanageuzwa hivi," akasema mama mkwe, "na mimi nabebwa kama gunia?"

Hapo haya ikanihamia mimi.

"Nigeuze tena, mwanangu, mgongo unaniwasha. Na uniongeleshe lugha ninayoielewa."

Wifi akamgeuza. Hakuthubutu kumtazama usoni.