Vinundu vya Chapati

Jumamosi asubuhi, sokoni Kasulu, nikisubiri zamu yangu kwa seremala, mama mmoja alimrudishia mti wa kusukumia chapati. Nyuma yake alisimama mumewe, kabeba kapu.

Seremala akapiga makofi mepesi ya salamu. "Mwakeye, mama. Kuna nini tena?"

"Umeniuzia mti mbovu. Chapati zinatoka na vinundu! Na mimi nautunza: siuloweki, naufuta kwa kitambaa, naupaka mafuta."

Seremala akafumba jicho moja, akauchungulia kwa urefu wake, kisha akaubingirisha mezani. Ukaenda tok, tok, tok.

"Umenyooka, mama, na mafuta nayaona. Ila una mabonde. Umegongea misumari."

"Misumari? Mimi?"

Seremala alimtazama mume, ambaye ghafla alianza kukagua mipini ya majembe, mmoja baada ya mwingine.

"Baba," mama akaita polepole, "ile kalenda ya sebuleni, nyundo uliitoa wapi?"

Tulicheka sote, mimi kuliko wengine. Kwetu chapati zina vinundu tangu nilipotundika picha ya harusi. Mke wangu, maskini, ameshahama duka la unga mara tatu, na mimi ndiye niliyemshauri.