Beringi ya Tatu

Kila nikifungua kopo la grisi kazini, pua yangu hunirudisha kwenye harufu ya sombe mbichi. Grisi na majani ya muhogo vilikaa pamoja uani kwetu Sydenham, kwa sababu mama yangu alikuwa na mashine ya kusaga sombe. Watu walimwita Mama Furaha. Furaha ndiye mimi. Jumamosi Wakongo wenzetu wahamiaji, kutoka mtaa wa Berea hadi ule wa Point, walikuja na mabeseni yao, na mashine ile ndiyo iliyotulisha na kutusomesha. Hatukuwa na kingine.

Nilipokuwa na miaka kumi, beringi za mashine zilianza kufa. Sisi tuliiita rulema, ile pete ya chuma yenye gololi ndani, inayoshika mhimili uzunguke bila kukwaruza. Ya kwanza ikafa, ya pili ikafa. Ya tatu ilipolia kama mbuzi aliyekabwa, foleni ikiwa imefika getini, fundi wetu Papa Espoir alijifuta mikono akatoa hukumu.

"Mama Furaha, hii mashini imekwisha. Uza vyuma, nunua mupya."

"Na ile mupya ikikufa pia?"

"Eish, Mama! Rulema ni rulema tu."

"Hapana. Kitu inakufa mara tatu namna moja, iko na sababu. Hatuitupe. Pasua, nione ndani."

Mwanamke mmoja wa kanisani akanong'ona kwamba ni kijicho cha watu, tuombe kwanza. Mama akamjibu kwamba ataomba akishaona. Alikuwa mbishi, na siombi radhi kwa niaba yake.

Papa Espoir aliipasua huku akinung'unika. Grisi ilimwagika gazetini ikiwa nyeupe kama uji, na gololi zilikuwa zimeshika kutu. Maji! Kila jioni ni mimi niliyeiosha mashine ile kwa mpira wa maji, nikiuelekeza kwenye kila upenyo, nikijivunia ilivyong'aa. Mficha maradhi kifo humuumbua, nami nilisubiri kuumbuka mbele ya foleni nzima.

Mama aliutazama ule mpira, akasimama wima.

"Ni mimi niliiua," akasema, sauti ikafika getini. "Mimi ndiye nilimuambia mtoto aimwagie maji."

Mtu alicheka. Mama akamkazia macho. Tangu siku ile tuliifuta mashine kwa kitambaa, na beringi ya nne ilidumu mpaka nikamaliza sekondari.

Kwa miaka mingi nilidhani alinikingia aibu, nikampenda kwa hilo. Siku hizi kazi yangu ni kupasua vyuma vilivyokufa viwandani nijue kilichoviua, na karibu kila mara meneja hunipokea mlangoni akiwa na jina la mfanyakazi "aliyeharibu". Hapo ndipo nilipoelewa kwamba Mama hakunikingia chochote. Alisema kweli: amri ilikuwa yake. Basi mameneja na wanichukie wakipenda. Kabla sijaandika jina la mtu, nauliza nani alimwambia afanye hivyo.