Kuku Watano wa Mgonjwa wa Nyonga

Saa moja asubuhi Agnetha Nestori anauzungushia mkono wa mgonjwa utepe wa kupimia na kusoma: sentimita ishirini. Siku ya kulazwa ilikuwa ishirini na mbili.

"Bibi, leo umekula nini?"

"Uji."

"Na jana?"

"Uji, mwanangu. Kwani ulitaka nijibu pilau?"

Agnetha, 47, mkazi wa Chemchem, ni mhudumu wa wodi ya mifupa katika hospitali moja mjini Tabora. Mgonjwa ni Jenifa Luhende, 76, kutoka Ziba, aliyeteleza akichota maji akavunjika nyonga. Alifanyiwa upasuaji siku kumi na mbili zilizopita. Chuma alichowekewa kimekaa sawasawa, lakini kidonda hakifungi na miguu haimbebi.

Daktari ameeleza sababu. Kidonda na misuli ya mzee vinahitaji nyama, mayai, maziwa, maharage. Uji mwepesi hautoshi.

Anayempikia ni mwanawe, Deus, anayeamini kwamba mgonjwa hapewi vizito. Si kwamba hawana kitu. Nyumbani Ziba wapo kuku watano walioletwa na majirani kumpa mgonjwa pole.

"Kuku hao ni wa nani?" Agnetha anamuuliza.

"Wa mama, dada."

"Amekula wangapi?"

"Tunawatunza. Siku akirudi watu watajaa pale. Tutawapa nini?"

Agnetha hamkemei. Miaka minne iliyopita mama yake, Stela, alivunjika nyonga huko Ulyankulu. Agnetha mwenyewe, mfanyakazi wa hospitali, aliwafungia bandani kuku saba wa pole, wangoje sherehe ya kumpokea.

"Tuliwachinja wote siku moja," anamwambia Deus. "Waombolezaji waliusifu mchuzi."

Tangu hapo huiuliza kila familia habari za kuku. Mwaka huu ameziuliza kumi na tisa. Zilizochinja ni sita.

Jumatatu Deus anarudi kutoka Ziba na kuku mmoja, anamchemsha katika jiko la ndugu wa wagonjwa. Bibi Jenifa analitazama paja, kisha anamsukumia mwanawe bakuli.

"Kula wewe, umetoka safari."

Agnetha analirudisha bakuli mbele ya bibi, anasimama kando ya kitanda hadi mfupa unabaki mtupu. Kidonda bado kinatoa maji.

"Wamebaki wanne," Deus anasema, kama mtu aliyeibiwa.

"Nataka waishe kabla hajaruhusiwa," Agnetha anajibu. "Wageni wakija wasikute kuku. Wamkute yeye."