Kivumbasi cha Kwetu, Kivumbasi cha Kwao

Mama mkwe wangu alikuwa na pua kali, na kwa pua hiyo alitaka kunirudisha kwetu. Nasema hivi bila kuona haya, kwa sababu yeye hakuona haya kunisema mbele ya ukoo mzima.

Niliolewa Machochwe katikati ya miaka ya hamsini, nikitokea milimani Tarime. Mama yangu alinifungia matawi makavu ya kivumbasi, mbegu zikiwa bado humo. Wanawake wa kwetu huyafukia majani hayo katikati ya mtama ili fukusi wasiuguse. Nilipopewa sehemu yangu ya kihenge cha kuhifadhia mtama nikafanya kama nilivyolelewa. Asubuhi mama mkwe akaingiza kichwa, akakitoa haraka, akasema kuna kitu kinanuka. Nikamjibu kuwa kinanukia. Tangu hapo ikawa vita.

Shida yenyewe ilikuwa hii. Kivumbasi cha Machochwe, kile kinachoota kando ya njia za ng'ombe, ukikisugua kiganjani kinatoa harufu kama ya dawa ya kuchua kifua. Cha kwetu kinatoa harufu ya karafuu. Jani ni lilelile, maua yaleyale, bua lilelile la pembe nne. Nilimwekea vyote viwili juu ya ungo aone mwenyewe. Akanusa cha kwao, akanusa changu, akajifuta pua kwa upindo wa shuka.

"Umekitia dawa hiki," akasema. "Kivumbasi nakijua mimi. Unataka mwanangu umvute kwa kamba kama ndama."

"Mama, ni majani tu. Nimepewa na mama yangu."

"Ndicho ninachosema."

Nikauchukua ungo wangu nikaondoka, maana kubishana zaidi kungenirudisha kwetu. Ng'ombe walioletwa kwetu kwa ajili yangu, kaka yangu alikuwa ameshawatoa kuolea. Mimi nikirudishwa, ng'ombe warudi, na wangetoka wapi kama si kwa wakwe zake? Angenyang'anywa mke, na mke huyo alikuwa na mimba kubwa. Kumlilia baba mkwe nako hakukuwezekana. Kwa mila yetu mke wa mwana na baba mkwe hawaonani uso wala hawasemezani. Nikisikia kikohozi chake nilikuwa nakimbia kupisha njia. Mume wangu naye alikuwa mwana wa mama yake, basi.

Wanawake wa ukoo wakaitwa. Mmoja akasema huenda ni udongo, maana kwetu ni baridi na mvua nyingi, huku ni joto. Mama mkwe akalidaka neno hilo kabla halijatua.

"Basi apande mbegu zake hapa. Kama ni kivumbasi kweli, udongo wetu utakifundisha kunuka kama chetu. Kisipofundishika, arudi kwao."

Nikakubali palepale, nikidhani nimepona. Hata mimi niliamini kwamba harufu hutoka kwenye udongo.

Nilipanda nyuma ya nyumba, cha kwao huku, changu kule, nikavimwagilia maji ya kisima kimoja. Msimu mzima wa mvua nilikuwa nachuma jani kila asubuhi, nalisugua, nalinusa, namwomba Mungu linuke dawa ya kifua. Karafuu. Kilikua kikanipita magoti, kikatoa maua, karafuu tupu. Nilikichukia kile kivumbasi kuliko nilivyomchukia mama mkwe, na hilo si jambo dogo.

Siku ya kunusa ilipofika, wanawake walipokezana jani langu, wakinusa. Mama mkwe hata hakulinusa. Alizitazama nyuso zao, zikamtosha.

"Funga mzigo wako," akaniambia.

Baba mkwe alikuwa upande wa pili wa ukuta, zizini. Akakohoa. Nikainuka nikimbie, lakini akaanza kusema na mkewe kabla sijapiga hatua.

"Mwache huyo. Mama yangu, ambaye wewe hukumkuta hai, alitoka milimani hukohuko. Kihenge chake kilinukia hivyohivyo. Nimelijua hilo tangu siku ya kwanza."

Mama mkwe akaingia ndani, wanawake wakatawanyika, nami sikurudishwa. Kaka yangu akabaki na mke wake, mtoto akazaliwa salama. Watu wakaniambia nimshukuru yule mzee, kwamba ameniokoa. Nimshukuru kwa lipi? Kila jioni alikuwa akipita kando ya kihenge na ng'ombe wake, akivuta harufu ya mama yake, na mimi ninatukanwa palepale anasikia. Mila ilimkataza kusema na mimi. Haikumkataza kusema na mkewe.