Jumapili Tatu za Modemu

Nyumba yetu ya Ruring'u ilikuwa na waya mmoja tu wa simu, na waya huo ulikuwa na kazi mbili: kupokea simu na, tangu nilipochomeka modemu, kunipa intaneti. Kazi hizo hazikufanyika pamoja. Nikiwa mtandaoni, yeyote aliyetupigia alikuta laini inatumika.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Wang'uru bila kumleta mume nyumbani. Jambo hilo Mami hakulisahau. Hata hivyo, kila Jumapili alasiri dada alipiga kutoka kibanda cha simu karibu na soko la mchele. Mami alikuwa wa kwanza kushika, akauliza, "Mko wazima?", kisha akanipa mimi simu. Halafu alikaa pale pale akichambua maharagwe yaliyokuwa yamekwisha chambuliwa, asikose neno. Lakini Jumapili moja alimwambia, "Ukitaka tuongee, kuja nyumbani na huyo mtu yako," akakata.

Jumapili zilizofuata Mami alikuwa na mikutano ya kina mama kanisani. Mimi nilikuwa nangoja barua pepe kutoka chuo nilichoomba nafasi. Nilichomeka modemu, ikakoroma na kupiga mluzi, nikakaa kutazama ukurasa ukijitokeza mstari mmoja mmoja. Nilifanya hivyo Jumapili tatu. Ya tatu, Mami alirudi mapema. Hata kitambaa cha kichwa hajafungua, aliinua simu, akasikia makelele matupu.

"Amepiga?"

"Sijui, Mami."

"Utajua aje na umefunga njia?"

Nilichomoa waya. Dada hakupiga jioni ile, wala Jumapili iliyofuata, wala nyingine yoyote. Miezi ilipopita tulienda Wang'uru. Jirani yake alituambia walihama, yeye hajui ni wapi. Mami alinunua mchele kidogo ili asirudi mikono mitupu.

Nilipoanza kufundisha, kitu cha kwanza kikubwa nilichoifanyia nyumba ile kilikuwa kuleta faiba, intaneti yenye waya wake yenyewe, ili simu ibaki wazi. Fundi alitoboa ukuta, akafunga kisanduku cha waifai, akauliza, "Mum, hii waya ya zamani nitoe? Haina kazi tena."

"Hiyo wacha," Mami alisema. "Mtoto wangu anajua hiyo namba peke yake."

Sasa picha zilifunguka kabla sijaondoa kidole. Niliweza kushinda mtandaoni Jumapili nzima, na simu ilikuwa pale mezani, huru kabisa, bila kulia. Nilikuwa naiangalia kila baada ya muda, kisha naona aibu.

Dada alikuja kunipata mtandaoni. Aliona picha yangu nikiwa na wanafunzi, akaniandikia maneno mawili: "Ni wewe?" Ndoa yake ilikuwa imekwisha kitambo, na alikuwa Uarabuni akifanya kazi za nyumba. Nilimpigia kwa video papo hapo, nikamwita Mami. Alikuja mbio na mikono yenye povu la sabuni.

"Umekonda," Mami akasema.

Dada alicheka, halafu akalia.

Nilimuuliza kuhusu zile Jumapili. Sikutaka, lakini nilikuwa nimelibeba swali hilo miaka mingi.

"Nilipiga sana," alisema. "Kila saa ati iko bize. Nikafikiria mumeweka simu kando sababu yangu."

Kabla sijafungua mdomo, Mami alijibu, "Hatukuweka kando. Tulikuwa tunatumia internet."

Alisema "tulikuwa." Yeye ambaye hakuwahi kugusa kompyuta ile hata kuipangusa vumbi. Mpaka leo sijajua namna ya kumshukuru.

Sasa tunaonana na dada kila wiki, na sura yake haikwami hata kidogo. Mami humwonyesha kabichi za shambani na koti jipya la kanisa, naye dada humwambia asogeze simu karibu aone vizuri. Kila mwaka anasema atakuja Krismasi, kisha mwajiri wake anakataa. Mami alitenga majogoo wawili wa kumchinjia. Wamezeeka, nyama imekuwa ngumu, naye juzi amewauza sokoni na kununua vifaranga wengine wawili. Amewafungia banda lao peke yao, na hataki mtu yeyote awaguse.